Unga Haushiki Moto, au Mwali Unafia Njiani: Kutatua Matatizo ya Kipimo cha N.1

Mifuko ya salfa ya unga inapopakiwa kwenye lori kuelekea Newala au Tandahimba, msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, kuna watu wanaosafiri juu yake. Utingo anapanda juu ya shehena, anajiegemeza, na wakati mwingine ana sigara mkononi. Alama ya mwali iliyochapwa kwenye mfuko wa kemikali ya unga, au kukosekana kwa alama hiyo, mara nyingi inatokana na jaribio lililofanyika kwenye meza ya maabara kwa unga usiozidi vijiko viwili vya chakula. Mtu aliyefanya jaribio hilo akikosea na kuandika "haiwaki", kosa lake linapanda lori.

Jaribio lenyewe linaitwa N.1. Limo katika Mwongozo wa Majaribio na Vigezo wa Umoja wa Mataifa, na GHS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, unalitumia hilohilo kuamua kama kemikali ni yabisi inayowaka kwa urahisi. Salfa tupu tayari imo kwenye orodha ya bidhaa hatari kwa jina lake, UN 1350, kitengo 4.1 (yabisi zinazowaka kwa urahisi), kundi la ufungashaji III (la hatari ndogo), kwa hiyo haihitaji mtu aipime upya ili ijulikane. Zinazoletwa maabara ni bidhaa mpya: salfa iliyochanganywa na udongo mweupe, salfa ya kuchanganya na maji ya bomba la kupulizia, rangi za unga, mabaki ya kiwandani. Humo ndimo matatizo yanapoanzia.

Kwa wasiolizoea, jaribio lina hatua mbili. Kwanza unachuja: unatandaza unga kuwa mstari wa urefu wa milimita 250, upana 20 na kimo 10, juu ya bamba baridi lisilopitisha kimiminika na lisilosafirisha joto. Unauwasha upande mmoja kwa mwali wa gesi wa nyuzi 1000 za Selsiasi au zaidi, kwa muda usiozidi dakika 2. Moto usipotambaa milimita 200 ndani ya dakika 2, kazi imeisha, bidhaa haiingii kundi hili. Ukitambaa, unakwenda hatua ya pili. Unatumia kalibu ya pembetatu yenye vipimo vilevile, unaijaza unga bila kuushindilia, unaiangusha mara 3 kutoka kimo cha milimita 20, kisha unaipindua juu ya bamba. Linabaki tuta dogo kama la viazi. Unaliwasha, unauacha moto ule milimita 80 za mwanzo, halafu unapima muda wa milimita 100 zinazofuata. Chini ya sekunde 45, bidhaa ni ya kitengo 4.1.

Unga unaruka, unatoa cheche au unapiga kishindo

Naanza na hili kwa sababu ndilo la kukufanya uache kazi. Kabla ya kujenga tuta lolote, chukua unga kiasi cha ncha ya kisu, uweke kwenye kigae, kaa mbali nao, uvae miwani na ngao ya uso, kisha uuguse kwa mwali. Ukiwaka wote kwa mkupuo, ukilia kama fataki au ukiruka kutoka kwenye kigae, N.1 si jaribio lake. Inabidi kwanza uchunguzwe kama ni kilipukaji, na kazi hiyo ina maabara zake na watu wake.

Sababu ninayoiona mara nyingi ni uchafu wa vyombo. Kinu kilichosagia klorati ya potasiamu jana kinasagia salfa leo, na mchanganyiko wa vitu hivyo viwili unaweza kulipuka kwa msuguano tu, bila moto wowote. Salfa iwe na kinu chake, kijiko chake na brashi yake, na viandikwe kwa wino usiofutika.

Sababu nyingine ni nzito zaidi. Kuna yabisi ambazo usalama wake wote uko kwenye maji yaliyomo ndani yake. Asidi ya pikiriki yenye maji yasiyopungua asilimia 30 imo kitengo 4.1 kwa namba UN 1344. Ikikauka ni kilipukaji. Fundi mwenye nia njema anaikuta chupa ya zamani yenye fuwele za njano mdomoni, anafikiri sampuli imeingia unyevu, anaipeleka kwenye oveni. Ndugu yangu, usiifungue chupa hiyo, usiizungushe kifuniko, usiihamishe. Funga chumba na uite wanaohusika. Soma karatasi ya usalama ya kila sampuli kabla hujafikiria kuikausha.

Unga haushiki moto kabisa

Ukimaliza dakika 2 na unga umebadilika rangi tu, usikimbilie kuandika jibu. Tazama mwali wako kwanza. Kichomeo cha gesi ya kupikia chenye tundu la hewa lililozibwa kwa vumbi kinatoa mwali wa njano unaopaka masizi na usiofika joto linalotakiwa. Safisha tundu, lifungue hadi mwali uwe wa buluu na koni ndogo iliyosimama ndani yake, kisha tumia eneo lililo juu kidogo ya ncha ya koni hiyo. Nina njia rahisi ya kuhakiki: chomoa uzi mmoja mwembamba wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme na uuingize hapo. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085. Ncha ya uzi ikijikunja na kuwa shanga inayong'aa, mwali unatosha. Ikibaki nyekundu tu bila kuyeyuka, rudi kwenye tundu la hewa na presha ya gesi.

Baada ya mwali, tazama unyevu. Dar es Salaam wakati wa masika, unga wenye udongo ndani yake unakunywa maji ya hewani kama sifongo. Sampuli iliyokaa siku tatu kwenye bahasha ya kaki haifanani tena na iliyo kwenye mfuko wa kiwandani. Ipokee kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, ipime ikiwa katika hali inayouzwa, na uandike kiasi cha unyevu kwenye ripoti. Ikiwa tayari imeshika unyevu rafuni kwako, omba nyingine. Kuikausha ni uamuzi wa mwisho, na unafanywa pale tu unapojua kwa hakika inachoweza kufanya ikikauka.

Tatu, mahali ulipochota. Mfuko uliosafiri kilomita mia kadhaa kwenye barabara yenye mashimo umejichekecha wenyewe: chembe laini zimezama, kubwa zimepanda juu. Ukichota juu tu, unapima sehemu ambayo ni ngumu zaidi kuwaka. Chota juu, katikati na chini, changanya, gawa kwa nne, na uchukue robo mbili zinazotazamana.

Bamba nalo linaweza kuunyima unga haki yake. Nimeona watu wakitumia bamba la chuma kwa kuwa halivunjiki. Chuma kinanyonya joto la moto mchanga kabla haujasimama. Tumia kigae kinene cha mfinyanzi kilichopakwa gilasi, au bamba la kuhimili joto ambalo mafundi wa tanuri wanalijua.

Mwali umezimika nusu ya tuta, au ndivyo unavyoona

Hapa nina la kusimulia. Katika maabara moja niliyofanya kazi, tulikuwa na mchanganyiko wa salfa na udongo, saa saba mchana, dirisha kubwa liko nyuma ya kabati la kufyonza moshi. Tuliwasha, tukaona unga unayeyuka kwenye ncha, kisha hatukuona kitu. Mwenzangu akaandika "umezimika" na akaingiza mkono kuvuta kigae. Akakohoa hadi akashika ukingo wa meza. Ile harufu ya kiberiti kilichowashwa puani kabisa, gesi ya salfa dayoksaidi, ilikuwa inatoka kwenye tuta tulilosema limekufa.

Tukafunga pazia. Kwenye giza lile tuliona kitu ambacho sijakisahau: ukanda wa mwali wa buluu, mwembamba, mfupi kuliko kucha, ukitambaa taratibu kwenye ukingo wa dimbwi dogo la rangi ya damu ya mzee. Salfa inapowaka inatoa mwali wa buluu hafifu ambao mwanga wa jua unaufuta kabisa. Kurasa mbili za daftari letu zilikuwa na neno "umezimika", na zote zilibidi zirudiwe.

Kwa hiyo salfa na michanganyiko yake ipimwe chumba kikiwa na mwanga hafifu, na karatasi nyeusi iwekwe nyuma ya kigae. Nyaya mbili nyembamba za kupimia joto, moja kwenye milimita 80 na nyingine kwenye 180, zinasaidia kuliko macho, kwa sababu zinakuambia wakati moto ulipofika hata kama hukuuona. Na mkono usiingie kabatini hadi dakika kadhaa zipite tangu dalili ya mwisho ya joto. Gesi hiyo ni hatari hasa kwa mwenye pumu, na mwenye pumu asipewe kazi hii, hata kama yeye ndiye hodari kuliko wote.

Tuta linayeyuka na kutiririka

Salfa inayeyuka karibu na nyuzi 115 hadi 119, naftalini karibu na 80. Vitu vya aina hii vinageuka kimiminika mbele ya moto, na kimiminika kinafuata mteremko. Kigae kikiinama kidogo kuelekea mbele, moto unabebwa na mtiririko na muda unakuwa mfupi kuliko halali. Kikiinama nyuma, moto unazama kwenye dimbwi lake. Weka pima maji ya fundi mwashi juu ya kigae, kwa urefu na kwa upana, kabla ya kila jaribio. Usijenge kingo za kuzuia mtiririko na usikatishe jaribio kwa sababu ya kuyeyuka. Kuyeyuka ni tabia ya bidhaa hiyo, na kuandikwe kama kulivyoonekana.

Majaribio sita, majibu sita tofauti

Tofauti ya sekunde mbili tatu isikusumbue. Ukipata 38, 61, 44, 70, kuna kitu kinabadilika bila wewe kujua.

Mara nyingi ni ushindiliaji. Mmoja anajaza kalibu kwa kijiko, mwingine anaisukuma kwa kidole gumba. Mmoja anaiangusha mara 3 kutoka milimita 20, mwingine anaigongagonga tu mezani. Hewa iliyomo kati ya chembe ndiyo inayoulisha moto, na kidole gumba kinaifukuza. Mtu mmoja ajaze zote sita, na pembeni kuwe na kipande cha mbao cha milimita 20 kamili cha kupimia kimo cha kuangushia.

Kisha upepo. Feni ya kabati ikiongezwa kasi katikati ya kazi kwa sababu moshi umezidi, jaribio la nne halilingani na la tatu. Panga kasi inayotosha tangu mwanzo, usiiguse tena, na tuta likae kwa kukingama na mkondo wa hewa. Kigae nacho kiwe safi na baridi kila mara. Ukiwa na vigae viwili unavyobadilishana, jaribio la tatu litakuta kigae bado kina joto la jaribio la kwanza. Andaa sita.

Sasa kosa linaloniuma zaidi ya yote: kutafuta wastani. Nimepokea ripoti yenye muda wa 43, 49, 52, 47, 50 na 48, chini yake imeandikwa wastani sekunde 48, "haimo kitengo 4.1". Kigezo hakisemi wastani. Jaribio moja tu likishuka chini ya sekunde 45, au kasi ikizidi milimita 2.2 kwa sekunde, bidhaa imeingia. Ile 43 ilikuwa jibu, na kazi ilipaswa kuamuliwa nayo. Majaribio yanafanywa sita ili kuupa moto nafasi sita za kujionyesha, na ukijionyesha mapema huhitaji kumaliza yote.

Maji yanateleza, hayalowanishi

Baada ya eneo la kupimia muda, milimita 30 hadi 40 mbele yake, unaweka mililita 1 ya maji. Eneo hili linaamua kundi la ufungashaji: moto ukipita, ni kundi la II, ambalo kwenye GHS ni daraja la 1. Ukisimamishwa kwa dakika 4 au zaidi, ni kundi la III, daraja la 2.

Salfa ya kupulizia kavu inakataa maji. Ukidondosha tone, linasimama juu kama ushanga, linatikisika, kisha linateremka ubavuni mwa tuta likiwa limebeba vumbi la njano mgongoni. Eneo ulilodhani umelilowesha limebaki kavu, moto unapita kwa raha, na bidhaa inapewa kundi kali kuliko stahili yake. Dawa yake ni kuongeza kilowanishi kisichowaka, kisizidi asilimia 1 ya maji hayo. Usitumie spiriti hata tone, kwani hapo unakuwa umemwaga mafuta kwenye moto. Inaruhusiwa pia kuchimba kishimo kidogo juu ya tuta, kina kisizidi milimita 3 na upana 5, ukadondosha humo tone kwa tone.

Salfa ile ya kuchanganya na maji ya bomba la kupulizia ina tabia ya kinyume. Imetengenezwa kupenda maji, hivyo inayanywa na kuyasambaza. Ukiweka maji karibu kuliko inavyotakiwa yanarudi nyuma hadi kwenye eneo la kupimia muda na kuuchelewesha moto huko. Piga alama ya wino kwenye kigae: 80, 180, na mahali pa maji kati ya 210 na 220. Uhakikishe upana wote wa tuta umelowa, hadi chini, kwa maana moto ukipata uchochoro mkavu pembeni utaupita.

Unga wa metali

Sheria zake ni nyingine na wengi wanazichanganya. Mwali unashikiliwa hadi dakika 5, na hatua ya kuchuja inapewa dakika 20. Katika hatua ya pili unatazama kama moto umeenea urefu wote: ndani ya dakika 5 ni kundi la II, zaidi ya 5 hadi 10 ni kundi la III. Aluminiamu iliyopewa dakika 2 tu kisha ikaandikwa "haishiki" haijapimwa.

Maji hayawekwi. Metali inayowaka inaweza kuyavunja maji na kutoa haidrojeni. Mtungi wa kaboni dayoksaidi nao usiuelekeze kwenye magnesiamu, kwa sababu inaendelea kuwaka ndani ya gesi hiyo. Ndoo ya mchanga, mkavu kwelikweli, iwe pale pale mkononi, na usiutazame mwanga wa magnesiamu kwa macho matupu.

Hakuna mwali, ila unga unageuka mweusi polepole

Unafukuta, na kufukuta kunahesabiwa sawa na kuwaka. Vumbi la mkaa na maranda ya mbao ni mabingwa wa jambo hili. Zile nyaya za kupimia joto zitakusaidia tena. Ukigundua kuwa mfuko wa sampuli wenyewe una joto ukiushika, kabla hujaupelekea moto wowote, hapo una suala la kujipasha joto, na kipimo chake ni N.4, cha vikapu vya mchemraba vyenye ubavu wa milimita 25 na 100 kwenye oveni ya nyuzi 140 kwa saa 24.

Maabara nyingine imepata jibu tofauti

Kabla ya kulaumiana, linganisheni ukubwa wa chembe. Salfa ni mfano mzuri: kanuni za usafirishaji zinaiondoa kwenye masharti ikiwa imeundwa kuwa punje, vidonge au vipande bapa, wakati ya unga inabaki UN 1350. Ni kitu kilekile, umbo tofauti. Mwenzako akipima punje na wewe ukapima punje hizo baada ya kuzisaga, nyote mnaweza kuwa mmefanya kazi safi.

Jibu ni "haimo", lakini mteja anasema kiwanda chake kiliwaka

Huenda nyote mko sahihi. N.1 inapima unga uliolala. Haisemi chochote kuhusu unga ulio hewani. Sukari haimo kwenye kitengo 4.1, na bado tarehe 7 Februari 2008 vumbi la sukari lililipuka katika kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, jimbo la Georgia nchini Marekani, na watu 14 wakafariki. Mweleze mteja wazi kwamba mlipuko wa vumbi una vipimo vyake, na uandike hivyo kwenye ripoti, chini ya jibu, kwa herufi za kawaida zinazosomeka. Kwa salfa wasiwasi huo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa vumbi lake linawashwa na cheche ndogo sana na lenyewe linajikusanyia umeme tuli. Usilimimine kutoka mfuko wa plastiki karibu na kichomeo kilichowashwa.

Ukimaliza siku, usitupe mabaki kwenye pipa la taka. Ganda la salfa iliyoyeyuka linaweza kuonekana limepoa juu, huku chini yake bado kuna moto. Fukia vigae kwenye trei ya mchanga mkavu ndani ya kabati, acha feni ikizunguka usiku kucha, na asubuhi uvifukue kimoja kimoja ukiwa umevaa miwani.